Risasi za Wavu wa Baba

Enzi zetu, sisi tuliokulia kando ya mto Kilombero kabla ya Uhuru, mpunga ukianza kuchanua hakuna aliyelala usingizi wa maana. Viboko walitoka mtoni, na shamba walilopitia lilibaki tope tupu. Watoto tulipanda dunguni kupiga madebe mpaka sauti zikatukauka. Kiboko aliyezoea madebe alihitaji gobori la baba.

Kuyeyusha madini ya risasi ili kupata gololi za gobori ilikuwa kazi ya nyumba nzima. Mama alichochea moto, mimi nikapepea kwa ungo, baba akamimina kwenye kalibu yake ya chuma. Harufu ile kali iko puani mwangu hadi leo. "Veronika, weka mbali hiyo kata ya maji," mama alinikemea kila mara, maana tone la maji likiingia, risasi ya moto hukurukia usoni. Gololi zikishapoa, baba alizilainisha kwa kisu taratibu, kama mtu anayemenya yai.

Mwaka aliofiwa na mume shangazi yangu, risasi iliadimika kabisa. Kiboko akala nusu ya shamba lake, na nusu iliyobaki ndiyo ingewalisha wanawe. Baba akashusha wavu wake ukutani, akaanza kukata vipande vya risasi vilivyouzamisha majini.

"Baba Vero, na samaki je?" mama akauliza.

"Samaki watakuwepo. Mpunga wa dada ukiliwa umeliwa."

Mama akainuka. Akaenda kuwasha moto.

Kiboko alipigwa, na ile nusu ikavunwa. Sisi tulikula mlenda msimu mzima, wavu umening'inia bila kazi, nami nilinuna sana. Baada ya mavuno shangazi akaja na kikapu kichwani. Alikuwa mfinyanzi, na humo mlikuwa na gololi za udongo alizozitoboa na kuzichoma. Akaketi mkekani, akazifunga kwenye wavu moja moja. Baba aliinama kana kwamba anakagua mafundo, lakini nilimwona akifuta macho.

Siku hizi wajukuu zangu wanaua viboko kwa kidole gumba, kwenye michezo ya simu, wala hawatoki jasho. Siwalaumu, nawapenda hivyohivyo. Gololi moja ya shangazi bado ninayo. Juzi nguruwe walipoingia kwenye kashamba kangu, simu ililia mchana kutwa kwa ujumbe wa pole. Nilikaa nayo ile gololi mkononi, nikisikiliza kama kuna atakayebisha hodi.