Fundo la Uzi Mwembamba

Gitaa la vijana wa kanisa letu lilikuwa la nyuzi za plastiki, na ule mwembamba kabisa ulikuwa adui yangu. Nilikuwa kidato cha pili. Nilikubali kulipiga kwa sababu mwenye gitaa haambiwi aimbe, na mimi kuimba mbele ya watu nilikuwa siwezi.

Kwenye mazoezi ya Jumatano ule uzi ulichomoka kwenye kigingi cha kukazia, katikati ya pambio. Kwaya nzima ikacheka. Mwalimu wa kwaya hakucheka.

"Binti, uzi ukichomoka tena Jumamosi, utaweka gitaa chini usimame na wa sauti ya kwanza."

Nyumbani kwetu mtaa wa Umoja niliuzungusha uzi kwenye kigingi mpaka vidole vikauma. Nikikaza, unafunguka. Kaka yangu akachungulia mlangoni.

"Sista, hiyo gita inalia kama mbuzi wa machinjioni Kiamaiko ameona kisu."

"Toka!"

"Paka mshumaa basi. Si huwa unanata?"

Nikapaka. Kumbe ndio nimeharibu kabisa. Sasa uzi uliteleza hata kabla ya kuvutwa. Nililia kidogo, sitaficha. Halafu nikaufuta kwa kitambaa na maji moto, nikaanza tena.

Ijumaa jioni nilikuwa namfunga mdogo wangu nywele kwa uzi mweusi. Nilipomaliza fungu la kwanza nikafanya kama siku zote: ncha nikaipitisha chini ya mizunguko yake yenyewe, nikavuta. Mikono ikasimama hapo hapo.

"Dada, umemaliza?"

"Ngoja."

"Na hii nusu ingine?"

Nikamwacha na nywele zimesimama upande mmoja. Nikaupitisha uzi wa gitaa kwenye tundu la kigingi, ncha nikairudisha chini ya mzunguko wa kwanza, kisha nikakaza ili mizunguko mingine iikalie. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kadiri nilivyovuta ndivyo ulivyojibana.

Jumamosi mazoezini nilipiga gitaa macho yakiwa kwenye kigingi. Likaja pambio la makofi, na mwalimu akazidisha mwendo, nadhani makusudi. Uzi ukalegea kidogo tu, nikaukaza, tukaendelea.

Mwishoni akaja akaugusa kwa ukucha. "Hili ni fundo gani?"

"La nywele, mwalimu."

Akanitazama. "Funga na zile nyingine hivyo hivyo. Na kesho ibadani ukae mbele, tukusikie."

Kukaa mbele sikukupenda hata kidogo. Lakini gitaa lilibaki langu.