Kitufe cha Kijani na Majani ya Isale

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, pale Moshi mjini, na ugonjwa wa kazi hii ni kiburi. Mama yangu ni mkulima wa kahawa Kilema. Anaikaanga mwenyewe, anaitwanga, anaifunga kwenye pakiti. Jumamosi moja nikapanda nyumbani na kompyuta yangu nimfungulie duka la mtandaoni.

Nikaweka picha ya kihamba chetu, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, migomba na yote. Nikaweka fomu ya oda: jina, simu, mahali ulipo, utalipa mzigo ukifika. Chini yake kitufe cha kijani, "Nunua". Mama alikuwa kibarazani akinywa kahawa na majirani wawili, akakikagua kile kitufe kama ng'ombe wa mnadani.

"Kahawa ikiisha," akauliza, "hicho kitajua?"

Swali zuri kabisa. Tovuti lazima iambiwe pakiti zipo ngapi, na mimi nilikuwa nimesahau. Ila niliona aibu mbele za watu, nikamjibu, "Mama, usinifundishe kazi. Haya mambo huyajui."

Majirani wakatazama vikombe vyao. Mama akawaongezea kahawa.

Wiki ile kitufe kilichapa kazi kweli kweli. Pakiti zilikuwa kumi na mbili, wakaagiza watu ishirini, na kahawa nyingine ilikuwa bado iko mitini, mbichi. Watu wanane walikuwa wameahidiwa kitu ambacho hakipo, tena kwa jina la mama, ambaye hajawahi kumrudisha mtu mikono mitupu. Nilipanda Kilema nikiwa nimenywea.

"Shikamoo, Mama." Nikamweleza yote. Nikasema nitawatumia ujumbe wa kuomba radhi, dakika mbili tu.

"Umemkosea mtu, halafu unamtumia ujumbe?" Akachukua kisu, akaenda mpakani mwa kihamba, kwenye isale, akarudi na majani. Kwetu, ukimpelekea uliyemkosea jani la mmea huo, hana njia ya kukataa kukusamehe.

"Mama, wengine hata si Wachagga."

"Basi waandikie maana yake. Si unajua kuandika?"

Nikaandika karatasi nane: jani hili ni la kuomba msamaha, na msimu ukifika wewe utakuwa wa kwanza. Nikairekebisha na fomu pia. Sasa pakiti zikiisha kitufe kinajizima chenyewe. Nikamwonyesha, akaitikia kwa kichwa tu. Kisha tukaanza kutia majani kwenye bahasha, moja moja. Bahasha zikaisha, jani moja likabaki mezani.

"Umezidisha, Mama."

"Sijazidisha." Akalisukuma upande wangu. "Hilo ni la wewe kunipa mimi. Nimekukatia kabisa, maana ningekungoja mpaka lini?"

Nikakumbuka nilivyomjibu mbele ya majirani. Nikalishika kwa mikono miwili, nikampa. Akalipokea, akaniuliza kama nimekula.