Mpira wa Kioo Mezani kwa Mtendaji

Wenzangu ofisini wamenizawadia mpira wa kioo wa kupamba meza. Ndani yake kuna maji na kijumba, na ukiutikisa, chembechembe za kumetameta zinashuka juu ya paa. Wanashangaa mbona siushiki.

Mama alikuwa akifanya usafi katika ofisi ya kata, Dongobesh. Siku moja ya likizo ya shule nilimsindikiza. Alipotoka kumwaga taka, nikaunyanyua mpira kama huu kutoka mezani kwa mtendaji. Ukaniponyoka, ukapasuka. Nikapiga magoti kuzoa vipande.

Mama alirudi, akaviona vipande sakafuni. Mara mtendaji naye akaingia.

"Nani amevunja?"

"Ni mimi, mzee," Mama alisema. "Nilikuwa nafuta meza."

Nilipigwa na butwaa. Mama huyu alifundisha watoto kanisani kila Jumapili, na nyumbani alituchapa kwa uongo mdogo kabisa. Sasa alikuwa amedanganya bila hata kupepesa macho.

Mtendaji aliitazama mikono yangu. Ilikuwa inametameta mpaka kwenye viwiko.

"Haya, mama," alisema taratibu. "Mpeleke mtoto akanawe."

Ndipo Mama naye akaiona mikono yangu. Akaketi pale pale sakafuni.