Saa ya Malori ya Lulimba

Iko asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo imenirudia nilipokupita mlangoni pako hapa jirani. Simu ilikuwa sikioni, chai imepoa pembeni, mtoto anakuvuta kitenge na wewe humsikii. Ulikuwa unasikiliza sauti za watu usiowajua, wakisema huku watu wamekimbia, kule njia imefungwa, kijiji fulani kimelala porini. Moja ikiisha unafungua nyingine. Sikukukemea. Na mimi moyo wangu haujatulia siku hizi. Pikipiki ikipita kwa kasi hapa Baraka, mimi ndiye wa kwanza kusimamisha ufagio na kutega sikio. Lakini nilipoingia ndani niliona kwamba nisipokueleza yaliyonipata Mboko nitakuwa nimekudhulumu.

Wakati huo nilikuwa mama kijana, mwembamba, usinicheke, na mume wangu Etabo alikuwa amekwenda Lulimba kuchimba dhahabu. Aliniachia watoto wawili: Aluta, msichana wa miaka minane, na mdogo wake Sadiki aliyekuwa bado hajaanza shule. Aliniahidi kwamba mvua za kwanza zitamkuta nyumbani. Mvua zikaja, yeye hakuja. Simu zilikuwa za watu wachache, na kule machimboni hazikushika hata kidogo. Nikabaki na wasiwasi wangu, na barabara.

Malori yaliyotoka Lulimba yalipita Fizi na Baraka, yakafika kwetu Mboko asubuhi jua likiwa limeshapanda, yakasimama ili abiria wanunue muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Siku ya kwanza nilikwenda kuuliza nikarudi. Nani angenilaumu? Mke anamtafuta mumewe. Nilimwuliza kila aliyeshuka kama anamjua Etabo, mtu mrefu mwenye kovu juu ya jicho. Mmoja akasema alimwona anacheka na wenzake. Siku nyingine mwingine akasema amehamia machimbo mengine. Wa tatu, Mungu amsamehe, akasema amepata mke wa pili. Kila neno nilirudi nalo nyumbani, nikaligeuza na kuligeuza hadi usingizi ukakataa.

Basi nikawa naenda kila siku. Lori la asubuhi likipita nilijiambia nisubiri la pili, huenda ndilo lenye habari. La pili likipita, nikakaa na wauzaji tukachoma mahindi na kusimuliana ya Lulimba, nani amepata, nani ameibiwa. Nakuambia ukweli ambao sikuujua wakati ule: palikuwa na raha katika kusubiri kule. Nilipokuwa pale barabarani nilijiona ninafanya kitu kwa ajili ya Etabo. Nikirudi nyumbani moyo uliwaka tena, na dawa yake ilikuwa kurudi barabarani. Mwishoni nilikuwa nawauliza hata watu waliotoka Uvira, ambao Lulimba hawajaiona kwa macho. Shamba likaota majani. Unga ukaisha, na Aluta akaacha kuniuliza tutakula nini.

Asubuhi ninayokuambia, nilikuwa nimeloweka muhogo siku iliyotangulia kwenye pipa nyuma ya nyumba. Ulikuwa muhogo mchungu, ule wa shambani kwetu, na wewe umekulia huku, unajua haukai majini siku moja ukaliwa. Unaachwa siku tatu, nne, hadi ulainike na sumu itoke, ndipo unamenywa na kuanikwa. Nikafunga kitenge, nikawaambia watoto narudi sasa hivi. Hiyo "sasa hivi" niliisema kila siku. Nikaenda zangu.

Jua lilikuwa kali. Malori mawili yalishapita, nami nikawa namsubiri dereva mmoja aliyesemekana kulala Fizi. Hapo nikamwona Shabani anakuja mbio kutoka upande wa nyumbani. Shabani alikuwa mtoto wa jirani yangu Bibi Zaina, mtu mzima mwenye mtumbwi wake, si mtu wa kukimbia ovyo. Nilijua ni habari. Hatimaye habari imefika, nikasema, imepitia njia nyingine. Nikamkimbilia nikamwuliza kama ni ya Etabo.

Akanitazama kama hanielewi. "Ni ya batoto bako," akasema. "Balikula muhogo ya mu pipa. Sadiki haiko anaamuka."

Sikumbuki jinsi nilivyofika. Nakumbuka harufu ya matapishi uani, na jiko letu la mawe bado lina moto, na vipande vya muhogo uliochomwa, vingine vimeungua upande mmoja tu. Aluta alikuwa ameinama ukutani, anashika kichwa, anasema nyumba inazunguka. Mtoto wangu alikuwa ameniona mara nyingi nikitoa muhogo majini. Aliona njaa ya mdogo wake, akafanya nilichokuwa nafanya mimi, ila siku za muhogo ule zilikuwa hazijatimia na hapakuwa na mkubwa wa kumwambia. Na Sadiki alikuwa mapajani mwa Bibi Zaina, midomo imebadilika rangi, shingo haina nguvu.

Bibi Zaina ndiye aliyesikia wanatapika ng'ambo ya ua. Alikuwa mjane wa Kiislamu, mama mzee mwenye maneno machache, na mimi Mprotestanti niliyekuwa nampita kila asubuhi kwa salamu ya haraka. Shabani akambeba Sadiki, mimi nikambeba Aluta ingawa miguu yake ilikuwa inaburuta, tukaenda kituo cha afya. Muuguzi akamtundikia Sadiki serumu, ile dripu ya mshipani, akaniambia tumwombe Mungu. Tukakaa. Nilikuwa natazama kifua chake kama kinapanda. Kikikawia kupanda, na mimi niliacha kupumua. Nje lori likapiga honi, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze sikugeuza kichwa.

Jioni Sadiki alifumbua macho akaomba maji. Nililia kwa sauti hadi muuguzi akanitoa nje. Bibi Zaina akanifuata. Nilidhani atanibembeleza, lakini hakuwa na haraka hiyo.

"Mama Aluta," akasema, "we unatafuta habari ya muntu mwenye haiko. Na habari ya bale beko, unaiacha kwa jirani."

Nikamwambia kwamba siwezi kukaa nyumbani, nikikaa moyo utapasuka. Hakubisha. Akasema anaujua moyo huo, mume wake alikuwa mvuvi, mtu wa ziwa. Akapanga hivi: Shabani hupeleka samaki Baraka kila wiki, na pale anawajua madereva wa Lulimba, watu wasiotia chumvi. Yeye atauliza. Jioni akirudi, mimi nitamwuliza mara moja, basi, hadi wiki nyingine. Na saa ile ya malori, kila siku, nije kwake na watoto wangu.

Nilikwenda. Alinipa majani ya ukindu, akanionyesha kusuka ule ukanda mrefu ambao ukishonwa unakuwa mkeka. Usifikiri ilikuwa rahisi. Honi ikilia miguu ilisimama yenyewe, ukanda wangu ukapinda hadi Aluta akaona aibu kwa niaba yangu. Siku moja nilitoroka. Nilimwambia Bibi Zaina nakwenda kununua chumvi, nikarudi bila chumvi, ila nina uongo mpya kuhusu Etabo moyoni. Hakunisema. Alifumua tu kile nilichokuwa nimesuka vibaya, akanirudishia mkononi nianze tena, na mimi nilitamani anitukane.

Kidogo kidogo saa ile ikageuka. Aluta akajua kusuka kuliko mimi. Sadiki alikuwa anatupangia majani kwa urefu, na akichoka Bibi Zaina alimpa hadithi za sungura hadi na mimi nikasahau kusikiliza barabara. Baadaye nilirudi kwenye kwaya ya kanisa, ambayo nilikuwa nimeiacha, na shamba likaanza tena kuonekana mistari. Hofu haikuondoka, mwanangu. Nisikudanganye. Ilikaa nasi pale mkekani kila siku, ila haikuwa tena inanishika mkono na kunitoa nyumbani.

Kisha habari ikaja. Alikuja mwanamume mmoja, mchimbaji, akiuliza nyumba kwa nyumba hadi akafika kwetu. Akanywa maji kwanza. Akasema yeye na Etabo walichimba pamoja, na mvua za kwanza zilipoanza shimo liliwaangukia watu watatu. Waliwazika kule kule. Yeye mwenyewe aliumia mguu, ndiyo maana alichelewa kuja kuniambia.

Mvua za kwanza. Sikia vizuri, mwanangu. Asubuhi zile zote nilizosimama barabarani, nikimwuliza kila mtu, Etabo alikuwa ameshazikwa. Aliyesema alimwona anacheka, aliyesema amehama, aliyesema ameoa, wote walikuwa wakinisimulia habari za maiti. Na kwa ajili ya maneno hayo nilikaribia kumzika Sadiki. Nililia siku ile kuliko siku zote za maisha yangu, lakini nililia katikati ya watoto wangu wawili, Aluta amenishika kiuno, na Sadiki ananipangusa kwa mkono mchafu.

Ndiyo maana nakuomba. Sikuambii usiogope, nchi yetu haijatupa ruhusa hiyo. Chagua mtu mmoja unayemwamini, muulize habari mara moja kwa siku, na likiwepo la kukimbia tutakimbia pamoja. Saa nyingine zote simu ikae kabatini, na usiiache mikono mitupu, kwa maana mikono mitupu itaitafuta tena hata kabla hujajua. Kesho asubuhi uje hapa kwangu na mtoto. Ukindu upo, nimeshaukausha. Ukanda wako utapinda, nami nitaufumua bila kusema neno, na ukinidanganya kwamba unakwenda kununua chumvi nitakujua.

Mungu akulindie mtoto wako na paa lako. Akuletee habari njema, mwanangu, na ile isiyo njema, kama ni lazima ije, ikukute umekaa na watu wako, wote wameshiba, na wewe unajua kila mmoja yuko wapi.