Miwani ya kuzamia niliyoipaka mafuta ya nazi

Leo nimemruhusu mwanangu kutema mate mbele za watu.

Subirini kwanza, msinihukumu.

Neema ana miaka saba, na samaki anawajua wa kukaanga tu. Wiki nzima ananiuliza Jumamosi lini, akawaone wakiwa hai. Basi nikanunua miwani ya kuzamia. Asubuhi nikasugua kioo kwa dawa ya meno kama muuzaji alivyonielekeza, maana miwani mpya ina utando wa kiwandani unaoleta ukungu. Nikasuuza, kikang'aa.

Halafu nikaipaka mafuta ya nazi. Mpira usikauke, jamani! Mie kitu kipya nakipakaga mafuta.

Tumefika ufukwe wa Kunduchi, mtoto kazamisha uso, kainuka analia.

"Mama, bahari ina moshi! Sitaki tena, twende nyumbani."

Dada anayekodisha maboya akainusa ile miwani.

"Sista, hiki kioo au chapati?"

Akaiosha kwa sabuni, kisha akamwambia Neema ateme mate ndani, ayapake kwenye kioo kizima, asuuze kidogo, ili kisishike ukungu.

Neema akanitazama. Kwangu kutema mate ni kosa, anajua.

"Tema," nikamwambia. "Humo tu. Kwingine tutagombana."

Akatema. Akazamisha uso tena. Akakaa humo mpaka nikaanza kuogopa.

"Mama! Wapo! Wala hawana habari na sisi!"

Nimechoka, mgongo unaniuma, nilitaka kukaa mchangani tu. Lakini akaivua, akanipa.

"Zamu yako, mama."

Nikatema na mie.

Nyie mngekataa?