Kuilaza Ndiva ya Bibi

Krooo! Sauti ile bado ninayo masikioni mpaka leo: maji ya mwisho ya ndiva yakiingia kwenye tundu. Yanaanza kwa kunong'ona, yanakuja kukoroma, halafu yanamalizia na hiyo krooo ndefu, kama mzee anayemaliza uji wa moto bila kujali nani anasikia. Siku hizi nafanya kazi saluni hapa Same mjini, naosha watu nywele. Kila nikizibua beseni, linatoa sauti hiyo hiyo, ila ndogo. Mikono inasimama yenyewe kichwani kwa mteja. "Wewe dada, umelala?" wananiuliza. Sijalala. Niko mlimani kwa Bibi, miguu ina tope mpaka magotini.

Kama hujakaa Upareni, ngoja nikueleze. Ndiva ni bwawa la kuchimba. Mfereji unaleta maji kutoka juu, yanajaa humo usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda shambani. Zipo kubwa za ukoo mzima. Ya kwetu ilikuwa ndogo, nyuma tu ya jiko la Bibi, kama vyumba viwili ukitoa ukuta wa katikati. Babu aliichimba kwa ajili ya mboga, akafa kabla sijazaliwa. Sisi watoto tuliifanya ya kuogelea. Mchana jua likiwa kali tulijitupa humo na nguo za ndani, vyura wanakimbilia upande mmoja na sisi upande wa pili, na Bibi anapiga kelele kutoka jikoni kwamba mchicha wake hautaki maji ya kwapa. Alikuwa anacheka lakini. Tukitoka tunatetemeka, kuna makande ya moto na chai ya tangawizi iliyochemshwa mpaka inawasha koo.

Masika ikiisha na baridi ikishuka, mwezi wa sita hivi, ndiva yetu ilifungwa. Mfereji unakuwa umepungua, kwa hiyo maji yote waachiwe walio chini. Bibi hakupenda neno kufunga. "Linafungwa duka," alikuwa akisema. "Ndiva inalazwa." Na kweli ilikuwa kama kulaza mtoto. Anachomoa kizibo, kipande cha mti kilichovingirishwa maganda makavu ya mgomba, maji yanaondoka. Tunaingia na makarai kutoa tope, tope linakwenda kwenye migomba. Halafu chini tunatandika majani mabichi ya mgomba, yanapandana kama vigae, ili udongo usikauke ukapasuka kabla ya vuli. Jani la mwisho, lile la juu ya tundu, lilikuwa la Bibi peke yake. Analiweka, analikanyaga kwa miguu yote miwili, anasema, "Haya, lala." Kizibo anakwenda kukichomeka juu ya jiko, kwenye moshi, wadudu wasikile.

Sasa kuna mwaka mmoja. Nilikuwa darasa la nne. Mama, ambaye alikuwa akiuza chakula Same karibu na barabara kuu, alipiga simu kwa jirani, tukaitwa mimi na Bibi. Akasema amepata chumba kizuri, nitahamia shule ya mjini muhula ukianza. "Mkishailaza ndiva, nakuja kumchukua."

Hebu fikiria furaha yangu! Same mimi niliiona kwa mbali tu, taa zake usiku kule chini kama mtu amemwaga punje za mahindi. Nilishapanga kila kitu kichwani: nitakula chipsi, nitaangalia televisheni, nitakuwa mtu wa kupanda mabasi. Basi nikawa kila asubuhi namuuliza Bibi, ndiva tunailaza leo?

Leo jembe limeazimwa, anasema.

"Bibi, jembe si hilo nyuma ya mlango?"

"Hilo ni la mahindi."

Kesho yake mgongo umemkataa. Siku nyingine majani ya mgomba bado madogo, na mimi nayaona makubwa kuliko mlango. Ukungu ukaanza kushuka mpaka uani, asubuhi hata kuku huwaoni, unasikia tu sauti zao. Maji ya ndiva yakawa meusi, ya baridi, hakuna mtoto aliyeweza hata kutia kidole. Bado iko wazi.

Jirani wa chini, baba mmoja mwenye mdomo, akaja hadi uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za huko?"

"Za huko ni vumbi, mama! Sisi maharage yanakauka na wewe huku unafuga vyura. Umeanza kuwauza?"

"Nikiwauza wewe utakuwa mteja wangu wa kwanza, nakuona ulivyokonda," Bibi akamjibu. Yule baba akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini alipoondoka Bibi alikaa pale pale kwenye kigoda, mkono shavuni, anaangalia maji. Aliunguza hata makande siku ile. Bibi yangu, ambaye sufuria yake haikuwahi kuungua.

Mimi sikujua kitu. Nilimwonea huruma ya mgongo, nikamkanda na mafuta ya taa na chumvi.

Mwisho Mama alichoka kusubiri, akapanda mwenyewe. Alifika anahema, kiroba cha mchele mkononi, akampa Bibi shikamoo. Bibi hata hakumwambia karibu.

"Ndiva bado," akasema.

"Nimeiona, mama."

Basi. Mama hakuuliza kwa nini. Alivua viatu, akafunga kanga kiunoni, akaingia kwenye tope. Tulifanya kazi sisi watatu bila maneno, na mtu asiyetufahamu angedhani tumegombana. Lilipofika jani la mwisho Bibi alilishika muda mrefu, akinyoosha mikunjo yake kwa kiganja kama nguo ya kuendea kanisani. Ndipo nikamtazama usoni. Na furaha yangu yote ya chipsi na televisheni ikanikauka mdomoni hapo hapo.

Alilikanyaga. Haya, lala.

Mjini nilizoea, sitakudanganya. Chipsi nilikula. Maji yakawa ya kununua kwa dumu, yanaletwa na mkokoteni, na ukioga unahesabu vikombe. Likizo za Desemba nilipanda kwa Bibi na ndiva nikaikuta imeshafunguliwa, imejaa, vyura wapo. Baadaye watoto wenzangu wakakua, nikawa naogelea peke yangu, Bibi anakaa ukingoni anachambua mboga na kuniuliza kama mjini wananipa chakula. Na kila baridi ikianza alimpigia Mama simu kwa neno moja tu: "Nimeilaza." Anakata. Mama akiniambia, tunajua mambo ni mazima.

Mwaka jana simu ile haikuja. Aliyepiga ni yule jirani wa chini, na safari hii hakuwa na utani. Alisema alipita akaona ukungu umetanda na ndiva ya Bibi bado iko wazi, imejaa, akapata wasiwasi. Akaita, hakuna jibu. Alimkuta kitandani, hawezi kuinuka.

Tulimwahi akiwa anaongea bado kidogo. Wiki ile ile tukamzika kwenye migomba, karibu na Babu. Maji ya ndiva ndiyo yaliyopikia wageni msibani. Wanawake walichota na ndoo, wakachota, mpaka ikabaki tope, na watu wakatawanyika, na hakuna aliyekumbuka kuilaza. Hata mimi na Mama tulishuka hivyo hivyo.

Juzi baba mdogo, mtoto wa Bibi, ambaye ndiye amebaki na boma, alitupigia. Mfereji siku hizi haufiki, maji yako kwenye bomba, na lile shimo anataka kulifukia aweke msingi wa nyumba. Fundi anakuja Jumatatu. Hana ubaya, watoto wake wanahitaji pa kulala. Mimi nilikuwa nikiota kwamba siku moja nitaijengea ndiva ile saruji, niweke vigae vya bluu, watoto wa kijiji chote waje. Ndoto zangu ndivyo zilivyo, kubwa kuliko mfuko.

Niliomba ruhusa saluni, Jumapili nikapanda. Baridi, ukungu mpaka uani. Nyumbani walikuwa wamekwenda kanisani wote. Udongo wa ndiva ulikuwa umepasuka vibaya, mipasuko inayoingia mkono. Nilikata majani ya mgomba kule kule karibu na kaburi, nikayaburuta, nikashuka nikatandika moja baada ya moja, yakapandana vizuri. Kizibo nilikikuta bado kwenye tundu, nikakichomoa, nikaenda kukichomeka jikoni, juu kwenye moshi.

Halafu nikaweka jani la mwisho juu ya tundu, nikalinyoosha kwa kiganja, nikavua viatu, nikalikanyaga kwa miguu yote miwili.