Landrova ya Baba Ilinipandisha Newala

Sikuombi uniamini haraka. Mimi mwenyewe ningesimuliwa haya na mtu mwingine, ningemuuliza alikuwa amekunywa nini. Lakini yamenikuta, tena mchana, nikiwa na akili zangu timamu, na aliyeshuhudia mwisho wake yupo Newala hadi leo. Halafu mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma nione kama umefunga kweli. Kazi yangu ni kushona viti vya magari pale Mkomaindo, mjini Masasi. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kufumua viti vibovu na kuvirudishia, na mshono ukipinda kidogo tu naufumua wote. Mtu wa namna hiyo hasemi jambo ambalo hajalihakiki.

Baba alikuwa na Landrova ya bluu. Si kwamba tulikuwa na uwezo. Aliikuta ni mkweche uliotupwa nyuma ya karakana, akaufufua. Ilipeleka wagonjwa hospitali ya Ndanda, ikabeba korosho, mabibi harusi na maiti. Kiti cha mbele cha abiria ndicho kiti cha kwanza nilichoshona maishani. Pembeni nilikosea, kitambaa kikajikunja, na baba akanikataza kufumua. Alisema hiyo ndiyo alama ya mwanawe. Niliipenda gari ile kama unavyompenda ndugu.

Kwetu gari haianzi safari kimya kimya. Bibi aliinyunyizia unga mweupe kwenye tairi la mbele, akawaambia wazee waliotangulia kwamba hii sasa ni ya nyumba yetu. Siku ya kuondoka, nayo huagwa kwa unga vilevile. Baba alipofariki hakubaki anayejua kuendesha, basi nikaiuza kwa mkulima mmoja wa Newala aitwaye Baba Zuhura, ambaye sikuwahi kumwona uso. Alituma dereva kuja kwetu Lupaso kuichukua. Mvua ilikuwa inanyesha, dereva ana haraka ya kuuwahi mlima kabla haujateleza, na bibi naye alikuwa ameshatutoka. Hakuna aliyekumbuka unga.

Miaka ikapita. Halafu mama akaanza kuamka.

Kila usiku alikuwa akisikia Landrova ikikata kona ya kisimani. Anatoka, anafungua geti la ua, anasimama. Nilimuuliza anaona nini.

"Imefika," akasema. "Ila baba yako hashuki."

Husimama hivyo mpaka kupambazuke. Akadhoofika, akapimwa, ugonjwa haukuonekana. Mama mdogo ndiye aliyesema waziwazi kwamba gari haikuagwa, na isipotafutwa tutamzika dada yake kwa kukosa usingizi. Unadhani ningengoja nini? Mama alinitwangia unga wa mtama kwa mikono yake mwenyewe, akaufunga kwenye kipande cha khanga.

Niliondoka Masasi kwa bodaboda baada ya adhuhuri. Tulipoanza kupanda mlima wa Newala ukungu ukashuka, ule wa masika unaoficha hata mkono wako mwenyewe, na mnyororo wa pikipiki ukakatika. Kijana wa bodaboda akageuza, akateremka akiikokota kutafuta fundi. Mimi nikapanda kwa miguu. Nilikuwa nimeloa chapachapa. Wewe ungekataa lifti?

Gari ilitokea nyuma yangu bila taa, ikasimama, mlango ukafunguliwa kwa ndani. Nikaingia, nikatoa shikamoo. Niliitikiwa marahaba kwa sauti iliyokauka, kama ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuzungumza. Dereva alikuwa amejifunga shali mpaka puani, kofia ameishusha, macho barabarani. Nikasema moyoni, baridi ya Newala hiyo. Nikashika pembeni ya kiti nisiyumbe, na kidole changu kikazama kwenye kunjo.

Niamini, fundi haukosei mshono wake. Sikuogopa. Nilifurahi! Niliona Mungu amenifupishia safari, huyu ndiye mwenye gari. Nikamuuliza kama yeye ni Baba Zuhura. Akafuta kioo kwa kiganja. Nikamuuliza gari hii ameipata wapi.

"Yangu siku zote," akasema.

Nikacheka, nikidhani ananitania. Akauliza nyumbani hawajambo, nikasema hawajambo. Akauliza, mama je. Nikamweleza kwamba mama halali. Tukaendelea kupanda, injini ikinguruma, nami kila nikitaka kumgeukia niliona haya kumkodolea macho mtu mzima. Siku hizi sina hakika kama ilikuwa haya.

Juu mlimani akasimama penye njia inayoingia mashambani. Akanionyesha kwa kidevu nyumba moja katikati ya mikorosho, akaniambia nitangulie. Nikashuka, nikashukuru. Na hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu hata mtoto anajua kwamba msibani husemi "karibu tena" unapomsindikiza mtu, kwa sababu hujui nani mwingine anasikia. Nami nilikuwa kwenye shughuli ya marehemu, tangu nyumbani nilijikumbusha hilo njia nzima. Lakini mtu amekupakia kwenye mvua, utamwagaje?

"Baba, karibu na wewe kwetu Lupaso," nikasema.

"Unanikaribisha?"

"Ndiyo. Ukifika usiishie getini. Shuka, upumzike."

Akaweka gia. "Haya, mwanangu. Nimeshakaribia."

Gari ikaingia ukunguni. Ndipo nikagundua kwamba unga nimeusahau kwenye kiti.

Nilimkuta Baba Zuhura barazani anabangua korosho. Ni mtu wa mizaha. Nilipomweleza nimetoka wapi, alicheka mpaka akakohoa. "Wamakua nyie! Mnauza kitu, halafu mnakuja kukijulia hali kama mmeoza binti." Nikamwambia naomba nimsubiri dereva wake arudi na gari, maana amenishusha sasa hivi.

Akaacha kubangua. "Dereva yupi?"

Alinipeleka nyuma ya nyumba. Landrova ilikuwa juu ya magogo, haina tairi wala injini, kuku wanatagia ndani, majani yameota pale panapokaa miguu ya dereva. Alisema haijatembea tangu msimu wa pili baada ya kuinunua. Nikauliza viti viko wapi. Akasema kimoja ndicho alichokuwa amekikalia barazani, kingine kipo ndani kwa ajili ya wageni.

Tukaingia. Nyumba ilikuwa kavu. Kiti kile, chenye kunjo langu pembeni, kilikuwa kimeloa umbo la mtu, maji yanadondoka sakafuni, na juu yake kipo kipande cha khanga ya mama na fundo lake la unga. Baba Zuhura hakutania tena. Alitoka nje akaita wanawe waingie ndani.

Niliiaga gari jioni ileile. Nilinyunyiza unga pale palipokuwa na tairi la mbele, nikasema maneno yote niliyofundishwa, sikukosea hata moja. Nikadhani nimemaliza.

Kesho yake nilirudi Lupaso, nikamkuta mama amelala, usingizi mzito wa mtu asiye na deni wala wasiwasi. Nikamshukuru Mungu. Halafu nikaona jikoni sahani mbili zenye mabaki ya chakula. Mama alipoamka alinishika mkono, uso umemng'aa kama msichana.

"Ameshuka," akasema. "Anasema wewe ndiye uliyemkaribisha."

Sasa mama analala. Asiyelala ni mimi. Nimehamishia cherehani yangu Lupaso ili niwe karibu naye, na kila usiku naisikia mimi pia ikikata kona. Namsikia mama akizungumza chumbani kwa sauti ya chini, akinyamaza pale ambapo mtu angemjibu. Anazidi kukonda, na sijawahi kumwona ana furaha hivi. Majuzi ameanza kukunja khanga zake sandukuni. Nilipomuuliza, alinijibu taratibu kwamba baba anangoja korosho ziokotwe tu, kisha waondoke. Nimekwenda kaburini kwa baba na unga, nimemsihi aende peke yake. Lakini mgeni niliyemkaribisha kwa mdomo wangu, naye ni baba yangu, nimfukuze kwa maneno gani?

Nakuomba, wewe unayesoma. Ukiuza kitu cha marehemu, kiage siku hiyohiyo, hata mvua iwe inanyesha. Na mtu akikupakia njiani, shukuru, kisha nyamaza, mpaka uwe umemwona uso. Mimi sikumtazama. Na huku kwetu mikorosho imeanza kutoa maua.